JAMAA APIMA OILI KILA ASUBUHI, INJINI NUSURA IFE NA MAHARI IENDE NAYO

Kuna jamaa mmoja wa Mbagala, jina kapuni, miaka 27, dereva boda. Kijiweni kwao hakuna anayeitunza pikipiki kama yeye. Asubuhi kabla daladala hazijaanza kupiga honi ashaifuta vumbi, ashabonyeza matairi, ashafungua mfuniko wa oili akachungulia. Washkaji wanamtania eti anamlea mwali. Yeye anacheka tu, anajua anachokilinda.

Pikipiki yenyewe ni ya mkataba. Kwa asiyejua, mkataba uko hivi: mwenye chombo anakukabidhi pikipiki, wewe unapeleka hesabu kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Yeye hesabu yake ilikuwa shilingi 10,000 kwa miezi 14. Miezi ikitimia, pikipiki inakuwa yako. Ila matengenezo yote ni juu yako. Injini ikifa, imefia mikononi mwako na hesabu inaendelea kama kawaida. Jamaa alikuwa amebakiza miezi miwili.

Halafu kuna ishu nyingine. Kwenye laini ya pili ya simu, ile ambayo hatembei nayo ili asishawishike, kulikuwa na shilingi 400,000. Hiyo ni mahari. Mchumba wake ni msusi, saluni yao iko Rangi Tatu, kwao ni Ifakara. Baba yake alishafariki, kwa hiyo anayesubiri wageni ni baba mdogo. Siku ilishapangwa, mpaka kuku walishatengwa.

Wiki tatu kabla ya safari, moshi ukaanza.

Mwanzoni ulikuwa kidogo tu, asubuhi akiwasha. Moshi wa bluu-bluu, unanuka oili iliyoungua. Akajipa moyo kwamba labda ni petroli mbaya. Wiki ya pili moshi ukawa hauishi kutwa. Dada mmoja wa ofisini alishuka Zakhem wakati alikuwa anaenda mbele zaidi, akasema blauzi yake imeshaanza kunuka, akalipa nusu. Pikipiki nayo ikawa nzito, ukipandisha kimlima inalia lakini haiendi. Chini ya injini kukawa na matone meusi kila inapolala.

Kijiweni hawana dogo. "Mwanangu, leo unapuliza mbu mtaa gani?" Kicheko. Na yeye akacheka, lakini usiku hakulala.

Akaenda kwa fundi. Fundi akaiwasha, akavuta mafuta mara mbili, akaangalia moshi, akazima. Dakika moja haikuisha. "Ringi zimekwisha kaka. Hapa tunafungua injini, pistoni na ringi mpya, silinda tunachonga. Andaa laki mbili na themanini."

Fundi hakupima kitu chochote. Na jamaa hakumuuliza kitu chochote. Alitoka pale anapiga hesabu kichwani: laki nne toa laki mbili na themanini, inabaki laki na ishirini. Laki na ishirini unaenda nayo Ifakara kwa baba mdogo wa watu ukasemeje?

Jioni akampigia bibie. "Mama, ile safari tuisogeze mbele kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

"Kuna nini?"

"Hamna kitu. Mambo hayajakaa sawa."

Hapo ndipo wanaume wengi wanapoharibu. Angesema tu kwamba pikipiki inatoa moshi, biashara ingeisha. Lakini angeanzaje? Huyu ndiye mtu ambaye kila siku anamwambia mchumba wake kwamba pikipiki anaijua kuliko fundi. Ukweli ni kwamba kwa miaka minne barabarani hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kitu kuhusu injini. Rafiki yake alimfundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira, mchana mmoja: klachi hii, gia hizi, breki hii, twende. Oili aliona tu wenzake wanavyofungua mfuniko na kuchungulia, na yeye akawa anafungua na kuchungulia. Kuuliza aliona noma. Dereva wa miaka minne anauliza oili inapimwaje? Kijiwe kizima kingemjua kwa jina hilo mpaka anazeeka.

Bibie upande wake akaelewa kivyake. Saluni nako wakamsaidia kuelewa. "Shoga, mwanaume akisogeza mahari mbele ujue kuna mtu." Mwingine akaongeza, "Tena huyo mtu yuko karibu." Siku mbili bibie anasuka watu huku machozi yako karibu. Jumapili akajifunga kitenge, akapanda daladala bila kumwambia mtu, akaenda kumfumania.

Akamfumania kweli. Jamaa alikuwa uani, nyuma ya nyumba aliyopanga, amechuchumaa pembeni ya pikipiki na chupa ya oili mkononi, jasho linamtoka. Mikono meusi mpaka viwiko.

"Huyo ndiye mwenzangu?" bibie akauliza.

Jamaa akainama. Kisha akayatoa yote: moshi, fundi, laki mbili na themanini, laini ya pili. Akamaliza kwa sauti ya chini, "Nilitaka niitengeneze kimyakimya, usijue."

Bibie hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza swali moja ambalo fundi hakuuliza.

"Oili umepima?"

"Napima kila asubuhi! Hata sasa hivi nimepima, imepungua, ndiyo naongeza."

"Nionyeshe unavyopima."

Kwa faida ya wadau ambao hawajawahi kushika pikipiki: injini ya pikipiki nyingi za boda inabeba oili kama lita moja hivi. Gari dogo linaweza kubeba lita nne. Kwa hiyo kwenye gari ukikosea robo lita si balaa kubwa, kwenye pikipiki robo lita ni robo ya oili yote. Na oili hiyo hiyo moja inafanya kazi zote: inalainisha pistoni, inalainisha gia, klachi imelowa humo humo, na injini yenyewe inapozwa na upepo ikisaidiwa na hiyo oili. Ndiyo maana kipimo chake hakitaki kubahatisha.

Jamaa akaonyesha. Pikipiki imeegemea stendi ya pembeni, imelala kushoto kama kawaida. Akafungua mfuniko wa oili upande wa kulia, ule wenye kijiti chini yake. Akakichomoa, akakitazama. Ncha tu ndiyo imelowa. "Si unaona? Haimo."

Bibie akacheka, kicheko cha mtu aliyeona kitu cha nyumbani kwao. Baba yake alikuwa fundi pikipiki Ifakara. Alikulia uani kwenye vipuri, kazi yake ya utotoni ilikuwa kushika tochi na kufuta vijiti vya oili kwa kitambaa.

"Baba, chukua sahani ya supu uiinamishe upande mmoja. Supu inaenda wapi?"

"Upande ulioinama."

"Pikipiki imeinama kushoto. Kijiti kiko kulia. Kitaikuta oili saa ngapi?"

Jamaa akabaki anaitazama ile pikipiki kama ndiyo anaiona mara ya kwanza.

Sasa sikia hesabu ilivyokuwa. Kila akibadilisha oili, fundi anamimina lita moja, kipimo chake sawasawa. Kesho yake asubuhi jamaa anapima pikipiki ikiwa imelala, anaona imepungua, anaongeza. Wiki ikipita anaona tena imepungua, anaongeza tena. Anaongeza kwa upendo. Injini ilikuwa imeshiba mpaka inatapika, na yeye anazidi kuilisha.

Bibie akavua kandambili, akasaidiana naye kuinyanyua pikipiki ikae kwenye stendi ya kati, sehemu tambarare, wima kabisa. Akamwambia awashe, aiache ingurume dakika tatu nne bila kuvuta mafuta. Majirani wakafunga madirisha kwa moshi. Akamwambia azime, asubiri kama dakika tatu oili ishuke yote chini.

"Chomoa kijiti, kifute kikauke kabisa. Ukisoma kabla ya kukifuta unasoma uongo, oili inakuwa imerukia juu. Sasa kirudishe."

Jamaa akaanza kukizungusha kukifunga.

"Usikifunge. Hii inataka kikae tu juu ya tundu, hakizungushwi. Kuna pikipiki nyingine kinafungwa mpaka mwisho ndiyo unasoma, kila moja na kitabu chake. Na kuna ambazo hazina kijiti, zina kioo kidogo ubavuni. Hata hiyo ya kioo unaisoma ikiwa imesimama wima."

Kikatoka. Kijiti kina alama mbili, ya chini na ya juu. Oili inatakiwa iwe katikati ya hizo mbili, ikikaribia ya juu ni safi zaidi. Ya kwake ilikuwa imevuka alama ya juu, imepanda mpaka mahali ambapo hapana hata alama.

Wakafungua chujio la hewa, lile wanaloita eya klina. Limelowa oili. Injini ina mpira wa kupumulia ambao unaelekea huko. Oili ikizidi, shimoni la chini inachapwa inakuwa povu, presha inaisukuma nje kupitia mpira ule, inafika kwenye hewa, inaingia kuungua pamoja na petroli. Huo ndio moshi wa bluu. Ule uzito wa mlimani ni injini inayolima kwenye oili nyingi huku chujio limeziba. Yale matone ya chini ni sili moja iliyoshindwa kuvumilia presha.

"Kwa hiyo ringi?" jamaa akauliza.

"Ringi hatujui bado. Tupunguze oili kwanza, halafu tuone. Injini haifunguliwi kwa kuangalia moshi dakika moja."

Jamaa akatumwa duka la dawa kununua bomba la sindano kubwa, la mililita 60, na kipande cha mpira mwembamba. Wakasubiri injini ipoe isiwaunguze. Wakaingiza mpira kwenye tundu la kijiti, wakavuta. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu wakapima tena. Bado. Walivuta mara sita ndipo oili ikakaa chini kidogo ya alama ya juu. Piga mwenyewe: 60 mara sita ni mililita 360. Zaidi ya theluthi ya lita, kwenye injini inayotaka lita moja. Oili ile waliiweka kwenye dumu, hawakuimwaga mtaroni, maana fundi huwa anazikusanya.

Na chupa aliyokuwa anaongezea nayo bibie akaisoma. Namba ilikuwa sawa, 20W-50, lakini ilikuwa oili ya gari. "Tafuta ya pikipiki, imeandikwa JASO MA au MA2. Klachi yako iko ndani ya oili. Nyingine za gari zina dawa ya kuteleza, klachi inashindwa kushika."

Kesho yake jamaa akabadilisha oili, akaweka ya pikipiki, akaosha chujio, akabadilisha ile sili. Jumla haikufika shilingi 50,000. Moshi haukukata siku hiyo, usije ukadanganywa. Oili iliyobaki kwenye bomba la moshi iliendelea kuungua siku mbili tatu, na siku ya pili jamaa alikuwa ameshakata tamaa, ameshatoa simu ampigie fundi. Siku ya nne asubuhi akawasha. Akaenda nyuma kuangalia. Hamna kitu. Akaweka kiganja kwenye bomba, kikatoka kikavu. Ringi zilikuwa nzima.

Sasa ikabaki kijiwe.

Jumatano hiyo alifika kijiweni mapema, akaipandisha pikipiki stendi ya kati, akaanza: washa, zima, subiri, futa, pima. Washkaji wakaanza yao. "Oya, umefungua gereji?" "Nani kakufundisha kuinyanyua hivyo, unajikamua mgongo bure."

Alikuwa na majibu mengi ya kuchagua. Angeweza kusema kajifunza mtandaoni. Angeweza kusema fundi wa mjini. Akafuta kijiti, akakirudisha, akasema, "Shemeji yenu."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Jamaa akawaacha wacheke mpaka wakamaliza. Halafu akamwambia yule aliyecheka kuliko wote, "Lete ya kwako nikupimie."

"Yangu haina tatizo. Haivuji hata tone."

"Lete tu."

Wakaipandisha stendi ya kati. Washa. Zima. Dakika tatu, na safari hii hakuna aliyesema neno. Kijiti kikachomolewa, kikafutwa, kikarudishwa, kikachomolewa. Kikavu. Alama ya chini haikuguswa kabisa. Kumbe oili ya injini iliyochoka inaweza kuungua kidogo kidogo bila kuvuja tone, na pikipiki nyingi za aina hii hazina taa ya kukuonya. Unaendesha tu, abiria anakwambia wahi wahi, mpaka siku injini inakaza katikati ya barabara. Na yule mshikaji alikuwa amembeba mwanawe wa darasa la pili asubuhi hiyo hiyo kumpeleka shule.

Akaacha kucheka. Akasema taratibu, "Mimi hii kitu sijawahi kufundishwa." Mwingine akasema, "Hata mimi." Mwenyekiti wa kijiwe, mzee mwenye miaka zaidi ya kumi barabarani, akakohoa, akatazama pembeni, kisha akasema na yake ipimwe. Siku hiyo pikipiki nane zilipanda stendi ya kati. Tatu zilikuwa chini ya alama, mbili zilizidi, tatu zilikuwa sawa. Watu wazima nane, kila mmoja alikuwa anadhani wenzake saba wanajua.

Ifakara walienda tarehe ile ile. Basi la alfajiri, Morogoro, Mikumi, mpaka nyumbani. Laki nne ilifika ikiwa laki nne, ile ya sili na oili jamaa aliitafuta kwa kupiga kazi mpaka saa sita usiku. Mahari ikapokelewa, kuku wakaliwa, wazee wakatoa nasaha.

Jioni baba mdogo akamwita mkwe wake uani. Kulikuwa na pikipiki chakavu ya marehemu kaka yake, imeegemea stendi ya pembeni chini ya mwembe.

"Nasikia wewe ni mtu wa pikipiki. Hebu nipimie oili hiyo."

"Sawa, baba." Jamaa akaisogeza kwenye tambarare, akainyanyua stendi ya kati. Akaiwasha, akaiacha ingurume, akazima. Akasimama anasubiri, mikono nyuma. Baba mdogo naye anasubiri. Kijiti kikatoka, akakifuta, akakirudisha bila kukifunga, akakisoma kwenye mwanga.

"Imepungua kidogo, baba. Inataka kama mililita mia. Tukiongeza, tupime tena kabla ya kuongeza nyingine."

Mzee akageuka kumtazama bibie aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Huyu umemfundisha wewe."

Bibie akajifanya anaita watoto waje kula.

Haya mdau, wewe mwenye boda, au unayepanda boda kila siku: pikipiki yako mara ya mwisho ilipimwa oili ikiwa imesimama au imelala? Na kitu gani umekifanya miaka yote bila kufundishwa, ukaona aibu kuuliza? Dondosha hapo chini kwenye komenti, hakuna wa kukucheka.